Sefu Chumbani kwa Baba Mkwe

Jumanne, 2 Julai 2024

Mtutu mrefu umefika! Kibali kimetoka hatimaye, na yule afande wa dirishani leo hata katabasamu.

Nimeufungua mezani kama mtoto aliyeletewa nguo ya Krismasi. Bastola yangu hii ni kongwe kuliko mimi, na ni ya risasi moja tu. Unaikunja katikati, unatia risasi, unapiga, unaanza upya. Ukichomoa pini ya bawaba mtutu unatoka, unavika mwingine. Mfupi kwa shabaha ya karibu, mrefu kwa ya mbali. Nimechomoa, nimevika, nimefunga — klik! Umekaa kama ulizaliwa humo.

Masudi kasimama mlangoni, mikono nyuma. Mume wangu huyu anaogopa hata fataki za harusini. Kasema hongera mke wangu, kisha huyo, katoweka.

Mashindano ya klabu ni tarehe 13. Muda wa kuuzoea upo. Raha!

Alhamisi, 4 Julai

Baba mkwe anakuja kesho! Mzee Hassani mwenyewe, kutoka Busi. Meno yamemwisha, nyama haiwezi tena, na Masudi kamwambia kliniki ninakofanya kazi tunatengeneza ya bandia.

Hajawahi kulala hapa. Mama mkwe ndiyo kabisa. Tangu tulipofunga ndoa bomani — Masudi Mrangi Mwislamu, mimi Mgogo wa Kianglikana — hajawahi kusema nami neno. Anampigia mwanawe, akisikia sauti yangu nyuma, anakata. Mzee si mkali, ni mkimya tu. Nataka arudi Busi na habari njema za nyumba hii.

Nimepiga deki. Nimebadilisha mapazia ya chumba cha wageni. Natandika kitanda, nainua macho — mama yangu! Sefu!

Sefu la bastola liko humo humo. Limefungwa kwa nati ukutani, polisi walikuja kulikagua, halihamishiki. Nikamwambia Masudi basi tumlaze baba sebuleni. Akaniuliza kama nina akili timamu.

Nimelifunika kitambaa cha kochi. Nimeweka na chombo cha maua juu.

Ijumaa, 5 Julai

Amefika. Kofia, koti zito, kuku wawili mkononi.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mama.”

Yeye anatazama sakafu, mimi natazama sakafu. Sakafu ilipendeza sana.

Sikumhudumia kliniki. Nimtie baba mkwe vidole mdomoni? Haiwezekani! Mwenzangu wa kazini, Evarista, ndiye aliyemchukulia vipimo vya ufizi; meno yatakuwa tayari baada ya wiki mbili. Mimi nilijificha chumba cha pili, nasikiliza. Evarista anasema mzee ni mcheshi kweli kweli. Mcheshi? Huyu huyu?

Jumapili, 7 Julai

Nimetoka kanisani nikapika ugali wa uwele na mlenda. Mlenda hauhitaji meno! Kala, kaongeza, kaongeza tena. Kamwambia Masudi, nami nipo hapo hapo, kwamba Wagogo wanajua jambo hili. Nimekwenda jikoni kucheka kwa furaha.

Jumatano, 10 Julai

Sijapiga hata risasi moja.

Mzee hatoki chumbani. Upepo wa Julai huu anasema unamwingia kwenye ufizi, basi anajifunika blanketi mchana kutwa, humo humo, ubavuni mwa sefu. Na mkwe haingii chumbani kwa baba mkwe. Kwetu haingii, kwao haingii. Masudi naye hawezi kunitolea — kibali ni changu, ufunguo ni wangu, na akiguswa tu na chuma kile atazimia.

Kasema, waambie klabu unaumwa. Nikamwambia mtutu huo nimeusubiri kuliko nilivyomsubiri yeye. Kacheka, lakini si sana.

Tumaini langu ni Ijumaa. Lazima aende msikitini!

Ijumaa, 12 Julai

Nianzie wapi!

Saa sita wametoka, baba na mwana, kanzu nyeupe. Nikanyata hadi mlangoni. Nikajiambia, Loisi, hakuna mtu ndani, si kuingia chumbani kwa mtu huko. Nikashika kitasa. Kumefungwa! Mzee kaondoka na ufunguo mfukoni mwa kanzu. Nilikaa chini koridoni nikacheka peke yangu kama kichaa.

Jioni tuko uani. Nachagua mchele. Mzee akakohoa.

“Mama,” kasema akiwatazama kuku. “Lile sanduku la chuma chumbani. Nimeliheshimu wiki nzima. Lakini kama meno yangu yamo humo, kwa nini nisiyaone?”

Meno! Wiki nzima alidhani nimemfungia meno!

Masudi akapaliwa na chai. Akanikonyeza: sema ndiyo. Ningeweza kusema ndiyo. Nilimtazama yule mzee, nikaona aibu kumdanganya mtu aliyengoja kwa adabu namna ile.

“Si meno, baba. Ni bastola.”

Kuku tu ndio walioendelea kudonoa.

“Ya Masudi?”

“Yangu.”

“Ya kupiga watu?”

“Ya kupiga karatasi, baba. Ni mchezo. Tunashindana.”

Akafikiri. “Karatasi imekukosea nini?”

Masudi akalipuka! Nami nikashindwa kujizuia. Mzee akatoa ufunguo, akauweka mkekani. “Nimekuruhusu. Ingia ukalete, mimi nakaa hapa.”

Nikaleta. Nikaikunja mbele yake aone ni tupu. Nikachomoa pini, nikatoa mtutu mfupi, nikavika mrefu. Shingo yake inarefuka, anafuata kila kidole.

“Inatoa moja tu?”

“Moja.”

“Ukikosa?”

“Nimekosa. Naanza upya.”

“Ah! Kama mshale.” Na pale pale mikono yake ikavuta upinde usiokuwepo, jicho moja kafumba. Ujanani alilinda mashamba ya mtama kwa upinde, nyani wote wa Busi walimjua. Kasimulia mpaka adhana ya magharibi. Akinitazama usoni! Hata Masudi hakuwahi kuzisikia hadithi zile. Alikuwa amekaa tu, mdomo wazi.

Akiinuka kuswali kauliza: “Kesho tunatoka saa ngapi?”

Tunatoka!

Jumamosi, 13 Julai

Naandika hapa hapa uwanjani, nyuma ya Mtumba, daftari gotini. Upepo umekuwa mkali, Gaudence msimamizi kapandisha bendera nyekundu: hakuna kupiga. Silaha zote mezani, tupu. Tunasubiri.

Mtutu mfupi — nimeongoza! Mrefu, loo. Risasi za kujaribu zote kushoto. Baba kwenye kiti chake, vizuia kelele vimevikwa juu ya kofia, anapaza sauti: “Kushoto tena, mama!” Gaudence akaja kumwambia wageni wanyamaze. Kajibu kwamba yeye hana meno, hasemi, anapumua tu. Uwanja mzima ukacheka. Nikakaza skrubu ya kulengea kidogo, kidogo tena — katikati! Alisimama akapiga makofi kabla hata moshi haujaisha.

Masudi katuleta hadi getini, kajifungia ndani ya gari, vioo juu. Maskini.

Sasa niko sawa na Penina, bingwa wa mwaka jana. Yeye kamaliza. Mimi imebaki risasi moja. Moja tu, mtutu mrefu, upepo ukitulia.

Mikono imetulia, ajabu. Moyo ndio hapana.

Baba kasogea kule kwenye mawe, anampigia mama mkwe simu Busi. Anaongea Kirangi, kwa kelele, kasahau kuvua vile vya masikioni. Sielewi. Nimesikia jina langu. Nimesikia bastola. Sasa anavuta tena ule upinde wake, kana kwamba mama mkwe anamwona.

Ee Mungu, kamwambia yote.

Sauti ya mama mkwe inatoka kwenye simu hadi huku. Siwezi kujua kama anafoka au anacheka.

Bendera inashuka. Gaudence ananipungia: Loisi, mstarini! Na baba huyo, anakuja mbio mbio juu ya changarawe, simu kainyoosha mbele.

“Mama, pokea. Anakutaka wewe.”

Nimemwambia Gaudence asubiri, napokea —