Mafuta ya Papa Kwenye Usukani

Athmani mjukuu wangu,

Huku Lamu tu wazima, alhamdulillahi. Goti la nyanya yako limetulia, na shangazi yako amejifungua msichana.

Sasa barua yako. Waniuliza usukani wa ngozi husafishwa vipi, kwa kuwa mama yako alipokuja kukutembelea aliupaka mafuta ya nazi. Nawe ukamfokea mbele ya mkeo! Kwa ngozi ya gari?

Miaka ya sitini nilikuwa dereva wa mkubwa mmoja wa serikali kule Mokowe. Usukani wa Landrova yake ulivishwa ngozi, kazi ya fundi wa makubadhi. Bwana Shee, aliyekuwa akituvusha kuja Lamu kwa mashua yake, aliona ngozi inapasuka kwa chumvi, akaipaka mafuta ya papa, yale yale anayopaka mashua isivuje. Mkubwa akashika usukani, akanusa mikono, akamtukana mzee wa watu mbele ya abiria. Mpaka leo nikikumbuka damu yanichemka! Na mafuta yale ndiyo pekee yaliyokuwa yamembakia. Safari iliyofuata mashua ilivuja. Mkubwa ameinua viatu vyake, Shee anachota maji huku akimwomba radhi.

Ngozi ya usukani wako ifute kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni laini, kisha iache ikauke kivulini. Ni kazi ya dakika chache tu. Lakini mama yako, tangu arudi huku, hashiki kitu cha mtu bila kuuliza kwanza kama mikono yake ni safi.

Babu yako