Kwako Mama, Uliyebeba Mahitaji Yetu Kichwani

Hukuwa na kalamu. Hukuwa na saa, wala miwani, hata macho yalipoanza kukusumbua. Hukukaa darasani hata siku moja. Hukuwa na duka karibu, wala zahanati, wala barabara ambayo mvua haikuikata. Ulikuwa na kichwa tu, na leo umetimia mwaka tangu kichwa hicho kilale, Mama, ukatuacha mikono kichwani.

Kila lori lilipokuja, mara moja kwa wiki mbili, majirani walijaa mlangoni kukuagiza: huyu sindano ya cherehani, yule betri za redio, seremala misumari ya inchi tatu. Ulikaa juu ya magunia siku mbili kwenda mjini, siku mbili kurudi, na kila mtu akapata chake. Hukukosea.

Mumeo, aliyesoma masomo ya jioni miaka minne akapata cheti, alikuandikia orodha kwa mwandiko mzuri. Ukamwambia mbele ya watu, "Msomi wangu, hii karatasi ikilowa mtoni, nimuulize samaki?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mumeo akanuna, akaapa hatauliza tena habari za safari zako. Hakuuliza. Ndilo linalomla leo.

Maana dawa ya kifafa ya binti yetu, Kitindamimba, uliijua peke yako. Uliinunua kwa muuza dawa mmoja uliyemwita Mkwe, ikaja kwenye kopo lisilo na maandishi. Safari yako ya mwisho ulirudi na makopo manne. Kitindamimba akauliza, "Mama, za nini zote hizi?" Ukajibu, "Nimechoka kukalia magunia, mwanangu. Niache nipumzike." Wiki tatu baadaye ulitutoka. Tumekuja kuelewa kwamba ulijua.

Mkwe amehama. Shemeji yako, dereva wa lori, alikuta duka limefungwa. Akaonyesha kidonge duka lingine, akapewa vyeupe kama vile. Kitindamimba akalala siku mbili bila kututambua. Tukampakia lorini kwenda hospitali. Kabla ya mto alishikwa na kifafa, akaanguka kutoka juu ya magunia, tukarudi naye mkono umevunjika. Sasa hata akisikia honi anajificha.

Vidonge vimebaki kumi na kimoja. Tumeanza kuvikata nusu. Jumapili alianguka jikoni, hatua moja kutoka motoni.

Mama, kila kopo ulilileta limefungwa kwa karatasi ya gazeti hili hili tunalolitumia kumbukumbu hii, na mumeo alizinyoosha karatasi hizo akazisoma zote. Kwa hiyo anajua Mkwe hununua gazeti gani. Jina lako Mkwe hakulijua, ila sura yako hawezi kuisahau, kwa jinsi mlivyotaniana. Ndiyo maana tumeomba picha yako iwe kubwa. Akikuona hapa, mwambie binti yako bado yupo. Mwambie ampe Shemeji dawa ile ile na jina la dawa liandikwe juu ya kopo. Lori la kijani hupakia huko mjini nyuma ya ghala la saruji, Alhamisi moja kila wiki mbili.

Unakumbukwa na mumeo, wanao wawili walio mbali, dada yako anayelala kando ya Kitindamimba amshike kifafa kikija, seremala, na majirani wote ambao tangu uondoke wanaagiza betri wanaletewa mishumaa. Maadamu tunapumua, hutatoka mioyoni mwetu.

Mumeo angeandika zaidi, lakini Shemeji amewasha lori, anapiga kelele, "Mzee, malizia, mto haunisubiri!" Gundi hatuna. Tumekoroga unga na maji, tukapaka bahasha, na Kitindamimba ameikalia ishike, kama ulivyokuwa ukimkalisha juu ya sanduku lako lifungike. Imeshika. Anaitoa nje mwenyewe, kwa mkono wake mzima, mpaka kwenye lori.