Maksai wa Ukutani Ihanda

Dada yangu Zuhura,

Nakusalimu kutoka Ihanda, huku Mbozi, ambako asubuhi kikombe cha kahawa nakishika kwa mikono miwili kwa baridi. Nimemfuata Elesia, yule mwanafunzi niliyemfundisha kuchora kwa brashi ulizonitumia. Amepata nafasi ya kusomea sanaa chuo kikuu, lakini baba yake, Mzee Simbeye, alikataa katakata. "Mwalimu, kuchora ni mchezo wa watoto," aliniambia.

Huku wanawake hupaka nyumba udongo wa rangi baada ya mavuno, na jana ilikuwa zamu ya nyumba yao. Elesia akachukua udongo mwekundu na majivu, akamchora ukutani Sultani, maksai aliyewalimia miaka mingi akafa masika. Majirani waliokuwa wakitoka shamba la kijiji wakasimama, wakaanza kumpa mzee pole upya.

Mzee alisogea ukutani, akagusa bega la yule maksai. "Hata kovu la nira amelikumbuka," alisema. Akamgeukia mkewe: "Mkaangie mtoto karanga za njiani."

Basi, kesho tunapanda gari la Mbeya mimi na yeye. Mama zake wadogo wamebakiza ukuta wa mbele bila rangi, na wameapa hautaguswa mpaka Elesia arudi na digrii yake aupake mwenyewe.

Nibusie wanao, wajomba zangu. Na ujue, dada, brashi zako zitafika mbali kuliko sisi wawili.

Mdogo wako,
Idi