Mchanga wa Tangi la Baba

S.L.P. 61,
Kisii.
14 Agosti 1969.

Mpendwa kaka Dahir,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na mtoto wenu Idil, na kwamba huko Cardiff baridi imewapunguzia. Kikohozi chako kimeisha? Usinijibu kwa mkato kama mara iliyopita, nataka kujua hasa. Sisi tu wazima, alhamdulillahi, isipokuwa Baba.

Baba yuko vile vile. Upande wa kulia haujaamka tangu ule ugonjwa umwangushe, na ulimi hautoi neno. Anakula uji na ndizi za kuponda. Shangazi Hawo amehamia kwetu kutoka Nyamira anisaidie kumgeuza na kumwogesha, maana peke yangu nilikuwa nimeshindwa.

Mvua imetushika. Barabara ya Keroka haipitiki, na dukani hatujapokea ngozi hata moja wiki hii.

Sasa nikueleze kinachoniumiza. Unalikumbuka lile tangi la kioo ambalo jirani yetu, yule fundi saa wa Kihindi, alimwachia Baba alipohamia Uingereza. Baba alipougua nilikivuta kitanda chake kikalielekea, kwa sababu wale samaki wekundu ndio kitu pekee anachokifuata kwa macho. Unajua alivyokuwa akilitunza mwenyewe, hakuna aliyeruhusiwa kutia mkono humo. Mimi nilijua kuwalisha tu.

Mwezi uliopita mchanga wa chini ulianza kuwa mweusi. Mapovu yakawa yanapanda, na chumba kikanuka mayai viza. Samaki wakaja juu kuhema. Bosibori, yule mama wa Kebirigo anayetuletea ndizi, alichungulia akaniambia, "Asli, hii mchanga imeoza. Ukiacha hivi, hii samaki itakufa yote." Shangazi naye akasema harufu ile inamzidishia mgonjwa, basi ama mchanga utoke, ama tangi litoke. Kulitoa tangi sikuweza hata kulifikiria.

Tukachota mchanga mpya mtoni Riana, nikauosha mpaka maji yakatoka meupe. Samaki nikawatia kwenye karai. Nilipoanza kukomba mchanga wa zamani, Baba akaanza kuguna na kupiga ubao wa kitanda kwa mkono wake mzima. Nikamkimbilia. Shangazi alidhani anataka kwenda haja, akamletea beseni, Baba akalisukuma. Nikamwuliza, "Baba, wapi panauma?" Akazidi kuguna, machozi yakimtoka. Nilidhani anawaonea huruma samaki kule kwenye karai, nikamwahidi nitafanya upesi. Nikakomba mchanga wote, nikasugua kioo, nikatia mchanga mpya na maji mapya ya bomba. Tangi likang'aa. Shangazi akasema, "Sasa hapa mtu anaweza kupumua." Baba alikuwa amegeuzia uso ukutani.

Kesho yake maji yalikuwa kama yaliyooshewa mchele. Samaki mdogo kuliko wote alilala ubavu, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa. Wengine wakamfuata. Nilibadilisha maji, hali ikawa mbaya zaidi.

Ndipo nilipopata wazo la kumwuliza Baba kwa macho: akifumba ni ndiyo, akiyaacha wazi ni hapana. Mchanga mpya una sumu? Wazi. Sikuuosha vizuri? Wazi. Niliuliza mengi mpaka nikachoka, halafu likanitoka tu: "Ulitaka nibakize mchanga wa zamani?" Akafumba. "Wote?" Wazi. "Kidogo?" Akafumba kwa nguvu mpaka uso ukakunjamana. "Na maji ya zamani pia?" Akafumba tena. Kumbe yeye alikuwa akiubadilisha sehemu kwa sehemu, anaacha na kurudia, samaki wakabaki katika kile walichokizoea. Na siku ile alikuwa akinipigia ubao kuniambia hivyo.

Nikakimbia nyuma ya nyumba, pale nilipoumwaga. Mvua ilikuwa imeshaubeba mtaroni. Bosibori aliinama nami tukakwangua, tukapata matope na maganda ya ndizi. Nilikaa pale chini na beseni tupu, Kaka, hata kulia sikuweza.

Leo amebaki mmoja, yule mkubwa mwenye mkia uliochanika. Anaelea juu, mdomo unafunguka na kufungika. Shangazi alitaka tukigeuze kitanda ili Baba asione. Baba akaushika ubao, akakataa. Basi wanatazamana, na mimi nawatazama wote wawili. Kama huko yuko mtu anayefuga samaki, mwulize tufanyeje, ingawa najua majibu yako yatakapofika hakutakuwa na wa kumfanyia.

Kuna jambo jingine. Asubuhi ya leo, nikimnywesha uji, nilimwuliza lile ambalo humu ndani hakuna aliyethubutu kulitaja: "Baba, nimwandikie Dahir arudi?" Alinitazama muda mrefu. Kisha akafumba macho, na hakuyafumbua. Nilingoja mpaka uji ukapoa. Pumzi zake zilikuwa za mtu aliyelala. Shangazi anasema ni usingizi tu. Mimi sijui. Nimekwisha kumwelewa vibaya mara moja, naogopa kukupa jibu langu nikisema ni lake. Nimekuandikia nilivyoona, na kuamua ni kazi yako.

Shangazi Hawo anakusalimu na kumbusu Idil. Bosibori anauliza kama huko mnapata ndizi. Msalimie wifi, mwambie kitambaa alichotuma ndicho ninachomfunika Baba miguuni.

Mwenyezi Mungu akulinde huko uliko, na atukutanishe tungali tunatambuana.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu uliponibeba mgongoni,

Asli Gulled