Mama Mkwe Ameifumia Kompyuta Triko

Maman Georgette, mshauri wetu mpendwa, nisaidie, maana nyumbani kwetu Ibanda kuna jambo linalonitesa, na ukilisikia juu juu utacheka, hata mimi nilicheka mwanzoni.

Mama mkwe anaishi nasi na macho yake yanazimika, daktari amesema kilichopotea hakitarudi na kilichobaki kinapungua, na binti yake Lydie yuko Kanada ambako amejifungua mtoto wa kike, Gloire, ambaye bibi yake hajawahi kumshika. Kwenye simu yangu haoni kitu, kioo kimepasuka na betri imevimba hadi nimeifunga kwa mpira, basi mume wangu Léopold akawasha kompyuta yake ya zamani yenye kioo kikubwa, na siku ile Lydie alipomsogeza mtoto karibu, mama alisimama, akaweka kidole kwenye kioo, akasema, “Sikio ya Aloys njo hii! Mutu tulishamuzika, na sikio yake ingali inatembea kwa Wazungu!” Aloys ni marehemu mume wake. Maman Georgette, sijawahi kuona ajabu kama ile, na Léopold ambaye huwa hakosi neno alitoka nje akasimama uani peke yake.

Sasa shida ndiyo hii. Mama huyu humfumia triko ya sufu kila mjukuu anayezaliwa, ndiyo desturi yake, na kwa kuwa huyu yuko mbali, akaifumia kompyuta. “Mutoto anatokeaka humu,” alituambia, “na munaiacha mu baridi ya Bukavu?” Triko nene, ya njano, yenye vifungo mgongoni, imeziba matundu yote ya hewa. Tangu hapo kila tukimpigia Lydie mashine inazimika, mtoto anaanza kupiga miayo, mara giza. Léopold akalaumu courant, yaani umeme wetu unaopandapanda na kushuka, akaleta stabilisateur ya kuutuliza, akabadilisha nyaya, wapi. Jumamosi niliivua triko niifue, mashine ikafanya kazi mchana kutwa bila kukohoa, nikairudisha, ikazimika. Nikamwambia mume wangu, naye akanijibu, “Nyamaza, Yolande. Ile kitu alifuma na macho yake ya mwisho. Afazali machine ikufe kuliko maman aumie roho.”

Na kila asubuhi mama anapitisha mikono kuhakikisha vifungo vimefungwa, na kila ikizimika anajikunja kwenye kiti chake na kusema, “Mutoto alishachoka na mimi.” Nikisema ukweli nitakuwa mkwe mbaya, nikinyamaza macho yatakwisha bila yeye kumwona yule mtoto vizuri. Nifanye nini?

Yolande, Ibanda

*

Yolande mwanangu, sikucheka. Nimeisoma barua yako nikavua miwani nikafuta macho. Mwanamke amemtambua mume wake kwenye sikio la mtoto aliye ng’ambo ya bahari, ndani ya mashine kuukuu ambayo wengine wangeshaitupa! Mungu anapita sebuleni kwenu, na ninyi mnahangaika na nyaya.

Lakini sasa nikugombeze. Huo ndio upole wenu? Mnamwacha mama wa watu aamini kwamba mjukuu amemchoka, eti msimuumize kwa neno dogo kuhusu sufu! Ameshaumia, Yolande, anaumia kila mashine inapozimika, nanyi mmesimama pale mnamtazama. Na wewe usijifiche nyuma ya mume wako, maana kuvifungua vile vifungo unajua.

Sikiliza. Leo mchana, kabla hamjampigia Lydie, washa mashine, kaa karibu na mama, chukua mkono wake uuweke nyuma, chini ya triko, asikie joto linavyotoka. Mwambie, “Maman, inapumua. Tukiifunika, inazimia.” Amelea watoto, hatahitaji maelezo mengine. Kisha mwambie waziwazi kwamba Gloire hajamchoka hata siku moja. Akilia, kaa naye, usikimbilie jikoni. Vifungo avifungue yeye mwenyewe, na triko akabidhiwe mikononi mwake, isitupwe kwenye kabati. Halafu pigeni simu wakati mwanga ni mwingi, Lydie amlete mtoto karibu na asiharakishe, na ninyi wengine mkae pembeni msimzibie mama kioo. Na kama daktari alimpa dawa ya macho, asiikose, hilo nalo ni juu yenu.

Papa Léopold akirudia kwamba mama yake aliifuma kwa macho yake ya mwisho, mwambie nimesema macho hayo bado anayo kidogo, na ni ya mama, si ya Léopold. Triko ataijua kwa vidole hata akiwa gizani kabisa. Uso wa yule mtoto, kwenye kioo, vidole havitaupata. Ivueni leo.