Orodha ya Mkate wa Jibini

Jumatatu, 9 Oktoba

Mdahalo ni Jumamosi, ukumbi wa parokia, saa tisa alasiri. Wagombea udiwani tuko watano, na mmoja wetu ni Arcesio. Kompadre wangu! Aliyemshika binti yangu Yorladis siku ya ubatizo, miaka kumi na tisa iliyopita. Kompadre hagombani na komadre wake, mama wa mtoto aliyemsimamia, ndivyo tulivyolelewa. Mama angekuwa hai angenifungia ndani.

Lakini nifanyeje? Januari baraza la jiji linaipigia kura ile ramani ya maeneo ya hatari ya maporomoko. Ikipita, sisi wa korongoni tunabomolewa. Kaya mia moja themanini na sita. Na nyumba yangu, niliyoijenga tofali kwa tofali tangu Yorladis anatambaa. Arcesio anasema ramani ni nzuri, tutapewa vyumba ng'ambo ya uwanja wa ndege. Yeye anakaa juu, kwenye lami. Si ajabu anaiona nzuri.

Jumatano, 11 Oktoba

Wamebandika tangazo kwenye nguzo ya umeme. "Wakazi wa korongoni wameridhia kwa maandishi kuhama." Nimelisoma mara tatu. Nani karidhia? Lini?

Nimepiga hesabu yangu. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya mtaa, Arcesio ni katibu, na muhuri anakaa nao yeye. Basi ni yeye. Katuuza!

Yorladis anasema nimfuate Arcesio kwake kwanza, nimuulize taratibu kwenye kahawa. "Mama, ni baba yangu wa ubatizo huyo." Nimemwambia hapana. Aaibike mbele za watu.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mvua kutwa. Ukuta wa jikoni umetoa ufa mwingine, kidole kinaingia. Nimeuziba kwa saruji na kusogeza kabati mbele yake. Simwambii mtu.

Jumamosi, 14 Oktoba

Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Ukumbi ulijaa mpaka nje. Wa korongoni wote walishuka, hata Bi Hermencia na miaka yake themanini na mbili, kabebwa kwenye kiti cha plastiki. Arcesio alikuja na shati jeupe. Akambusu Yorladis kwenye paji la uso, akaniamkia vizuri tu. Nikamjibu kwa baridi.

Nani amuulize nani iliamuliwa kwa tufe la bingo la parokia. Padri akazungusha, akatoa vijipira viwili vyenye namba zetu. Mimi na Arcesio! Watu wakacheka, wakapiga makofi. Nikajua Mungu yuko upande wangu.

Nikasimama. Nikamuuliza, kompadre, wewe ndiye uliyetia saini kwamba tumeridhia kuondoka? Jibu ndiyo au hapana.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema yeye hakutia saini chochote, na muhuri haukutumika. Alikwenda ofisi ya mipango miji kuuliza kwa sababu hata yeye lile tangazo lilimshangaza. Wakampa nakala ya saini zetu. Akaitoa mfukoni, akainyoosha.

"Komadre, nilitaka nikuletee nyumbani," akasema. "Umeniuliza hapa. Soma jina la kwanza."

Jina la kwanza ni langu.

Niliijua ile karatasi kabla sijaishika. Ya mwezi Machi! Bwana wa mipango alipokuja kutueleza ramani, na masanduku ya mikate ya jibini na soda. Ukitia saini orodha ya mahudhurio, unapewa mkate. Nani hajui? Hapa kwetu kila mkutano ni hivyo, iwe chanjo, iwe maji, iwe kuku wa Krismasi. Unasaini, unakula. Huulizi.

Na wazee ambao hawakuweza kushuka? Mimi! Mimi ndiye niliyeipandisha orodha mlango kwa mlango, nikawashikisha kalamu, ili na wao wapate mkate wao. Bi Hermencia hajui kuandika. Kidole chake nilikipaka wino mimi mwenyewe.

Mbele ya orodha hiyo wamebana ukurasa ambao hatujawahi kuuona. "Sisi tuliotia saini tunaridhia."

Dakika zangu mbili zikaisha nimesimama. Bi Hermencia alikuwa anakitazama kidole chake.

Jumapili, 15 Oktoba

Sikwenda misa. Arcesio alipita, akabisha, sikufungua. Yorladis hasemi nami.

Jumanne, 17 Oktoba

Leo nimepanda kwake. Nimemwomba msamaha, amenikaribisha maji ya sukari guru, hakunisimanga. Kampeni kaiweka kando leo asubuhi, kanipeleka kwa wakili wa parokia. Wakili anasema iko njia moja: barua ya kukana ridhaa ile, wasaini walewale wote, ifike ofisini kabla ya Ijumaa. Wasiposaini walewale, haina nguvu.

Saa kumi nimewaita uani kwangu. Wamekuja, lakini wamesimama mbali na meza. Nimeisoma barua yote kwa sauti, neno kwa neno, mara mbili. Nikasaini mimi. Nikaiweka kalamu juu yake.

Hakuna aliyesogea.

Mmoja akauliza kama ni kweli ukuta wangu una ufa. Sijui kasikia wapi. Nikamtazama Yorladis, akatazama chini. Nikasema ndiyo, upo, na nimeuficha. Wakanong'ona. Nikasema bado nataka tuulizwe kwanza, tuambiwe tunakwenda wapi, ndipo tuseme ndiyo au hapana wenyewe.

Bi Hermencia akaomba asogezwe na kiti chake. Nikafungua wino haraka. Kauleta mkono mpaka juu ya karatasi, kisha kaurudisha mapajani.

"Nubia mwanangu," akasema, "na mbele ya hii watabana nini?"

Nimeingia ndani nikisema nakwenda kutafuta kitambaa cha kufutia wino. Naandika haya nimeegemea kabati la jikoni. Wako nje, hawajaondoka. Wanasubiri nimjibu.