Diski ya Marehemu Ibrahim: Kumbukumbu za Kikao cha Dharura cha Kamati ya Makaburi

TAREHE: Jumapili, 13 Oktoba 2024
MAHALI: Chumba cha madrasa, nyuma ya msikiti, Kikula, Likasi

WALIOHUDHURIA
Bw. Radjabu Kasongo, muuza vitambaa – Mwenyekiti
Bi. Fatou Amisi – Katibu
Bw. Moussa Lubunga, dereva wa lori – Mjumbe
Bi. Matumaini Saidi, mjane wa marehemu Ibrahim – Mjumbe

MWALIKWA: Bw. Zéphirin Ilunga, fundi wa kompyuta sokoni
HAKUFIKA: Bi. Binti Omari (msiba)

KUMB. NA. 1/10/2024: KUFUNGUA

Baada ya dua, Mwenyekiti alifungua kikao saa tisa na dakika arobaini alasiri. Aliomba wajumbe wawe wafupi. Bw. Moussa alijibu kwamba leo ufupi hautafaa, na akaomba jibu lake liandikwe. Limeandikwa.

KUMB. NA. 2/10/2024: SABABU YA KIKAO

Kwa faida ya mwalikwa, Katibu alieleza kwamba korongo la mvua linakula upande wa chini wa makaburi yetu mwaka wa nne sasa. Msimu uliopita lilichukua makaburi mawili kwa mvua moja. Imamu ameruhusu makaburi sitini na manne yaliyo karibu na ukingo yahamishwe kabla ya mvua kubwa za Novemba. Mengi hayana jina. Vibao vya mbao vililiwa na mchwa, vya chuma viliibwa. Aliyejua nani analala wapi ni marehemu Ibrahim, ambaye kwa miaka mitatu alipima, akapiga picha na kuuliza familia, kisha akaweka yote kwenye diski moja. Daftari lake la karatasi lililowa maji likaoza yeye akiwa bado hai.

Diski ilitunzwa nyumbani kwa Mwenyekiti. Tarehe 2 Oktoba Mwenyekiti alitoa taarifa kwamba imeanguka kutoka mezani na haisomeki tena. Ikiwashwa inalia tik, tik, kisha inanyamaza.

Bw. Moussa alisema Mwenyekiti aliombwa mara tatu atoe nakala. Mwenyekiti alisema ni mara mbili. Katibu alifungua daftari la vikao. Ni mara tatu.

KUMB. NA. 3/10/2024: HUDUMA ZILIZOPENDEKEZWA

Mwenyekiti alipendekeza diski apewe Bw. Zéphirin, kwa kuwa kibanda chake kiko karibu na angemaliza kwa siku mbili. Katibu alipendekeza maabara moja ya Lubumbashi ambayo kazi yake ni kuokoa yaliyomo kwenye diski zilizokufa. Wao hufungulia diski ndani ya chumba kisicho na vumbi, huchukua siku kumi hivi, na wakishindwa hawadai kitu. Mwenyekiti alipinga kwa sauti ya juu, akisema mambo ya wafu wa Likasi hayapelekwi kwa watu tusiowajua sura.

Bi. Matumaini alisema yeye hajui maabara wala kibanda, ila anaomba jambo moja: "Bwana yangu alipima ile makaburi na miguu ya kuuma. Miaka tatu. Musiitupe mu siku mbili."

Bw. Zéphirin aliomba aione diski kwanza. Aliigeuza chini ya taa ya simu yake kwa muda mrefu, kisha akairudisha mezani.

"Papa Mwenyekiti, minye sitaifungula. Mu kibanda yangu mavumbi iko mingi, na mavumbi kidogo tu inakwaruza ile sahani ya ndani. Kama nilifungula, njo mwisho. Mupeleke Lubumbashi. Tena..."

Bw. Moussa alimtaka amalize.

"Tena kuko muntu alishaifungula. Vis (skrubu) mbili ziko na alama ya tournevis (bisibisi). Na hii karatasi ya juu yake inatobolewa."

KUMB. NA. 4/10/2024: ALIYEFUNGUA DISKI

Ajenda hii haikuwa kwenye orodha.

Bw. Moussa alisimama, akasema kwamba chumbani humu fundi ni mmoja tu, na akamuuliza Bw. Zéphirin tangu lini anaijua diski hii. Bw. Zéphirin alijibu kwamba ameiona leo kwa mara ya kwanza, mbele ya macho ya wote. Alichukua mfuko wake akaelekea mlangoni. Bi. Matumaini alimshika mkono wa shati. "Keti, baba. Weye umesema kweli. Haukosee kitu."

Bw. Zéphirin aliketi.

Ndipo Mwenyekiti aliposema ni yeye. Alieleza kwamba siku ileile diski ilipoanguka alitazama video kwenye simu, akaifungua jikoni kwake kwa bisibisi ya cherehani. "Nilisikia haya. Nikasema nitaitengeneza minye mwenyewe, hapana muntu atajua." Bw. Zéphirin alimuuliza kama aligusa sahani ya ndani. Mwenyekiti alisema hakuigusa. "Niliona mavumbi, nikapuliza. Na kinywa."

Bw. Zéphirin alifumba macho.

Bw. Moussa alisema maneno ambayo Katibu aliona yasiandikwe. Mwenyekiti mwenyewe aliagiza yaandikwe. Ni haya: "Siku kumi na moja unatuangalia mu macho, na mvua inakuya."

Mwenyekiti aliomba asiongoze sehemu iliyobaki. Bi. Matumaini alikalia kiti cha Mwenyekiti.

KUMB. NA. 5/10/2024: UAMUZI

Katibu aliipigia maabara, simu ikiwa wazi wote wasikie. Alipokea Bw. Albert, mfanyakazi wa huko. Alielezwa yote, hata lile la kupuliza. Alisema: "Hapana kuiwasha tena, hata mara moja. Muilete kesho. Ingekuwa haifunguliwe, ningewapa matumaini mingi. Sasa ni nusu, ao chini ya nusu. Sitawaahidi kitu."

Bw. Moussa aliuliza itakuwaje wakishindwa. Bi. Matumaini alisema yeye ndiye aliyekuwa akimshikia mumewe ncha ya pili ya kamba ya kupimia. Anadhani anaweza kuonyesha makaburi arobaini kwa kidole, na yuko tayari kuanza kesho asubuhi.

Bw. Moussa aliuliza habari za safu ya tatu, makaburi mawili madogo, ya mapacha wake. Alieleza kwamba walipozikwa alikuwa na lori mpakani Kasumbalesa, na kaka yake aliyewazika naye amefariki.

Bi. Matumaini alijibu: "Safu ya tatu sikukuyaka kushika kamba, Ba Moussa. Ile siku nilikuwa mugonjwa."

Bw. Moussa alisema sawa, akaketi.

Wajumbe wote wanne waliamua:

Diski iende maabara ya Lubumbashi. Bw. Moussa ataipeleka kesho alfajiri, akiipakata magotini, si kwenye mizigo. Bw. Zéphirin alijitolea kuifunga kwa sponji na kufuatana naye ili awaeleze mafundi alichokiona. Bw. Moussa alikubali, na akamwomba radhi mbele ya kikao.

Bw. Radjabu aliuliza kama ajiuzulu uenyekiti. Kikao kilisema hilo lingoje makaburi yahamishwe kwanza. Kwa sasa atapita kwa familia zote, nyumba kwa nyumba, awaambie kwa kinywa chake alichofanya. Alikubali. Hakuomba mtu wa kumsindikiza.

KUMB. NA. 6/10/2024: KUFUNGA

Bi. Matumaini aliwaombea marehemu, akafunga kikao saa kumi na mbili kasorobo jioni.

NYONGEZA KABLA YA SAHIHI, 24 Oktoba 2024

Maabara imeokoa ramani ya safu ya kwanza hadi ya nne. Sehemu iliyobaki, makaburi kumi na tisa, imekwaruzwa na haisomeki. Kati ya hayo, Bi. Matumaini ameonyesha kumi na moja. Manane yatahamishwa bila jina, kila moja na mahali pake.

Bw. Moussa, aliyekwenda kuchukua majibu, alipiga simu kutoka Lubumbashi leo saa nne asubuhi. Hakusalimu. Alisema: "Fatou, andika. Safu ya tatu, namba saba na namba munane. Hasani iko upande wa juu, Huseni upande wa chini."

Katibu alimwambia ameandika. Bw. Moussa alisema tena, polepole, tangu mwanzo.

Mwenyekiti: R. Kasongo (sahihi)
Katibu: F. Amisi (sahihi)